Kutoka Saidia Fundi Hadi Fundi Bomba Anayejitegemea: Mwongozo Kamili kwa Vijana wa Nyanda za Juu Kusini

Vijana wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe huingia kwenye ufundi bomba kwa mlango wa kuchimba mitaro na kutoboa kuta, kisha wanabaki hapo hapo miaka mingi. Hawakwami kwa uvivu. Wanakwama kwa sababu hawajafundishwa kupima, kuunganisha na kuujaribu mfumo bila fundi mkubwa kusimama nyuma yao. Mwenye nyumba hawezi kumkabidhi kazi mtu ambaye hana namna ya kuthibitisha kwamba bomba lililofukiwa ukutani halivuji, na hata mkandarasi anayelipa kwa siku huangalia jambo hilo hilo kabla ya kumpandisha mtu kutoka posho ya saidia fundi hadi ujira wa fundi. Kwa hiyo katika mwongozo huu hatua za kuchomelea na za kupima presha zimepewa nafasi kubwa kuliko nyingine zote.

## Vitu vya kuwa navyo

Nyaraka: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule ulichonacho, picha ndogo, na daftari gumu la kazi. Namba ya mlipakodi utaihitaji baadaye, utakapoanza kuchukua kazi kwa jina lako.

Zana:

- futi ya kuvuta ya mita 5, penseli na pimamaji;
- mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wa kulinganishia usawa wa sehemu zilizo mbali;
- mkasi wa kukatia mabomba ya plastiki, msumeno wa chuma na tupa;
- spana mbili za bomba, moja ya kushikia na nyingine ya kukazia;
- mashine ya kuchomelea PPR (mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa joto), yenye vichwa vya milimita 20, 25 na 32;
- tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba, pamoja na katani;
- pampu ya mkono ya kupimia presha, yenye geji inayosomeka vizuri;
- nyundo, patasi, glavu za ngozi, miwani ya kukinga macho na buti.

Si lazima ununue vyote kwa mara moja. Anza na futi, pimamaji, mkasi na spana mbili, kwa kuwa hizo ndizo zana ambazo fundi wako hatapenda kukuazima kila siku. Spana za mitumba zinazouzwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mara nyingi ni imara kuliko mpya za bei nafuu, mradi meno yake hayajalika. Mashine ya kuchomelea ya mtumba nakushauri usiinunue kabisa. Kifaa chake cha kudhibiti joto kikishachoka, taa itawaka kana kwamba mashine iko tayari, huku vichwa vikiwa na joto pungufu au la kupita kiasi, na wewe hutakuwa na njia ya kulijua hilo hadi ukuta ulowe.

## Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Milango ni miwili. Wa kwanza ni chuo: vyuo vya VETA (mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi) hufundisha fani ya ufundi bomba na kutoa tuzo za taifa kuanzia ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari, na maombi hupokelewa miezi kadhaa kabla, hivyo anayekumbuka jambo hili mwezi Desemba huwa amechelewa. Mlango wa pili ni kumfuata fundi mzoefu na kujifunza kazini.

Chuo hukupa sababu za kila jambo, na eneo la kazi hukupa mkono mwepesi. Anayeweza kusoma ngazi ya kwanza kisha akamfuata fundi huenda mbali zaidi. Asiye na ada asikate tamaa, maana utaratibu wa kutambua ujuzi, unaoelezwa katika hatua ya 7, uliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

## Hatua ya 2: Mkubaliane na fundi kabla ya kubeba mfuko wake

Usimfuate fundi kwa sababu tu ana kazi nyingi. Mtembelee kwenye eneo la ujenzi, uangalie kama anatumia pimamaji, kama ana pampu ya presha, na kama wasaidizi wake wa zamani sasa wanafanya kazi zao wenyewe. Fundi ambaye kila saidia wake anaishia kuchimba mtaro atakufundisha kuchimba mtaro.

Kisha zungumza naye kwa heshima, ikiwezekana ukiwa na mzazi au mkubwa wa familia, kwa kuwa katika maeneo yetu neno lililosemwa mbele ya mkubwa hushikwa zaidi. Kubalianeni posho ya siku, muda, na orodha ya kazi utakazoruhusiwa kufanya kwa mkono wako kila baada ya kipindi fulani. Ombi la maana kuliko yote ni hili: vipande vya mabomba vinavyobaki upewe ufanyie mazoezi jioni.

Dalili ya kufanikiwa: ndani ya miezi ya mwanzo umeshaunganisha kwa mkono wako kiungio kinachobeba maji, hata kama ni cha bomba la bustanini.

## Hatua ya 3: Jifunze kupima kutoka katikati hadi katikati

Makosa mengi ya wanaoanza hayatokani na moto wa mashine bali na futi. Wanapima ukuta, wanakata bomba kwa urefu huo huo, kisha wanashangaa kuona elbo (kiungio cha kona) imepita alama ya koki.

Pima kutoka katikati ya kiungio kimoja hadi katikati ya kingine, halafu uondoe kile ambacho viungio vyenyewe vinakula. Chukua elbo ya milimita 25 na upime kutoka katikati yake hadi kwenye kituo cha ndani, mahali ambapo bomba husimama. Ikiwa umepata milimita 14, na umbali wa ukutani ni milimita 600 kati ya elbo mbili, bomba litakatwa milimita 572. Viungio vya watengenezaji mbalimbali hutofautiana kidogo, kwa hiyo pima kila unapobadilisha aina, na usitegemee kumbukumbu.

Katika hatua hii jifunze pia hesabu ya nguvu ya maji. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takribani baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Tanki ambalo uso wa maji yake uko mita 6 juu ya bomba la mvua la bafuni litatoa baa 0.6 tu, hata kama lina lita elfu kumi. Mteja anayelalamika kwamba maji ni mlegevu hahitaji tanki kubwa zaidi. Anahitaji mnara mrefu zaidi, bomba pana zaidi, au pampu.

Kwa upande wa pampu, mwinuko wetu una athari yake. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ikiwa nyepesi uwezo wa pampu inayokaa juu, nje ya kisima, kuvuta maji kutoka kisimani hupungua. Usawa wa bahari kikomo cha nadharia ni karibu mita 10.3, lakini hapa ni karibu mita 8.4, na ukihesabu upotevu wa njiani usimwahidi mtu zaidi ya mita 6. Kisima kikiwa kirefu kuliko hapo, shauri pampu ya kuzamisha.

## Hatua ya 4: Kuchomelea PPR hadi mkono uzoee

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo soma polepole, kisha fanya kwa vipande vya mazoezi kabla ya kugusa nyumba ya mtu.

Kwanza, andaa. Kata bomba kwa mkasi ulionyooka, uondoe mabaki ya ukataji, na ufute ncha ya bomba na ndani ya kiungio kwa kitambaa kikavu na safi. Vumbi jekundu la ujenzi na mafuta ya mikono huzuia plastiki kushikana. Weka alama ya penseli kuonyesha kina cha kuingiza: karibu milimita 14 kwa bomba la milimita 20, na karibu milimita 16 kwa la 25. Weka pia mstari mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye kiungio, ili vitakapoungana vielekee upande unaoutaka.

Pili, subiri joto. Mashine inatakiwa kufika nyuzi 260 za sentigredi. Taa ikionyesha kwamba joto limefika kwa mara ya kwanza, ngoja iwake na kuzimika tena ndipo uanze, kwa sababu mwili wa mashine hupata joto kabla ya vichwa vyake. Umeme ukiwa dhaifu, joto litashuka katikati ya kazi. Ni heri kusimama kuliko kuendelea.

Tatu, pasha. Ingiza kiungio kwenye kichwa dume na bomba kwenye kichwa jike kwa wakati mmoja, moja kwa moja, bila kuzungusha. Hesabu sekunde baada ya vyote viwili kufika kwenye kina chake, wala si kabla. Bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5, la 25 sekunde 7, na la 32 sekunde 8. Bomba la milimita 40 linahitaji 12. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 5, kama inavyotokea alfajiri za Juni na Julai huko Makete, Njombe na Mufindi, ongeza nusu ya muda huo. Upepo nao hupooza vichwa, hivyo jikinge kwa turubai au ubao.

Nne, unganisha. Vitoe vyote viwili pamoja na uvisukume ndani ya sekunde 4 kwa mabomba ya 20 na 25, ukifuata mistari uliyochora. Kunyoosha kidogo kunaruhusiwa katika sekunde hizo tu. Baada ya hapo usizungushe hata kidogo. Kiungio kilichosokotwa kikiwa kinaganda huonekana kizuri kwa nje, ilhali ndani kimechanika.

Tano, acha kipoe. Dakika 2 zinatosha kwa 20 na 25, na dakika 4 kwa 32. Usikimwagie maji ili kuharakisha.

Sasa kikague kwa macho. Kiungio chema kina pete mbili za plastiki iliyoyeyuka, moja ya bomba na nyingine ya kiungio, zimegusana na kuzunguka pande zote bila pengo, zikiwa na unene unaofanana. Pete ikiwa nyembamba upande mmoja, ulisukuma kwa mshazari. Ikiwa hakuna pete ya pili, joto lilikuwa pungufu au hukufika kwenye alama. Pete zikiwa nene kupita kiasi, tazama ndani ya bomba: utakuta plastiki imejikunja na kubakiza tundu dogo, na hapo ndipo maji ya mteja yanapokwama hata presha ikiwa kubwa.

Zoezi bora nilijualo ni kuchukua viungio vyako vya mazoezi na kuvipasua kwa msumeno katikati, kwa urefu. Kwenye kiungio chema hutaona mstari kati ya bomba na kiungio. Vimekuwa kitu kimoja. Ukiona mstari mweusi au uwazi mwembamba kama uzi, rudia hadi utoweke. Vipande hivyo vilivyopasuliwa vitunze, kwa maana mkandarasi au mtahini akiviona ataelewa haraka kuliko ukimweleza kwa maneno.

Onyo: usichomelee bomba ambalo bado linadondosha maji. Tone moja hugeuka mvuke na kuacha tundu lisiloonekana. Pia usiyapige wala kuyatupa mabomba ya PPR asubuhi ya baridi kali, kwa kuwa karibu na nyuzi sifuri hupoteza unyumbufu na kupata nyufa. Na usiunganishe PPR moja kwa moja kwenye mtambo wa kupashia maji kwa jua, ambao wateja wengi wa huku wanaupenda. Maji yake saa za mchana huweza kupita joto ambalo bomba hilo linahimili, hivyo kipande cha mwanzo kiwe cha chuma au shaba.

## Hatua ya 5: Pima presha kabla ya plasta

Hatua hii ndiyo inayomtenga fundi na saidia fundi. Usimruhusu mwashi apige plasta kabla hujaimaliza, hata kama mwenye nyumba ana haraka.

Funga matokeo yote kwa vifuniko vya nyuzi. Unganisha pampu sehemu ya chini kabisa ya mfumo na ujaze maji polepole, ukiwa umefungua tokeo la juu kabisa hadi hewa yote itoke na maji yatiririke bila kukohoa. Hewa iliyobaki hujibana na kuifanya geji idanganye.

Pandisha presha hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Mfumo utakaofanya kazi kwa baa 4 upimwe kwa baa 6. Presha itashuka kidogo mwanzoni, nawe usihamaki: mabomba ya plastiki hutanuka. Ipandishe tena baada ya dakika 10, na mara nyingine baada ya dakika 10. Kisha acha dakika 30. Isishuke zaidi ya baa 0.6. Ikifaulu, endelea kuangalia saa 2 zaidi bila kupampu, na katika muda huo isishuke zaidi ya baa 0.2, wala lisionekane tone popote.

Kuna mtego unaowapata mafundi wa maeneo ya baridi. Joto la bomba likibadilika kwa nyuzi 10, geji inaweza kusogea kwa nusu baa hadi baa nzima bila kuwapo uvujaji wowote. Ukianza kipimo saa moja asubuhi mwezi Julai, jua likaja kupiga ukuta saa tano, utamaliza siku ukitafuta uvujaji usiokuwepo. Pima katika saa ambazo hali ya hewa imetulia, na uguse bomba kwa mkono mwanzoni na mwishoni.

Presha ikishuka kweli, usianze kwa kubomoa. Pita na tishu kavu kwenye kila kiungio, ukianza na vile vya nyuzi, kwa kuwa ndivyo vinavyovuja zaidi ya vya kuchomelea. Kiungio cha nyuzi kinachovuja kifunguliwe, kisafishwe na kuzungushiwa tepu upya, kufuata mwelekeo wa kukaza. Kukaza tu kwa nguvu kutapasua soketi.

Dalili ya kufanikiwa: una picha ya geji mwanzoni na mwishoni, saa zimeandikwa kwenye daftari, na mwenye nyumba au msimamizi ametia saini.

## Hatua ya 6: Maji taka

Maji taka hayana presha, yanategemea mteremko. Bomba la inchi 4 lipewe sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Viwanja vingi vya Mbeya na Tukuyu viko kwenye miinuko, na kishawishi ni kulilaza bomba kwa kufuata ardhi. Usifanye hivyo. Weka mteremko sahihi, na pale ardhi inaposhuka ghafla jenga chemba ya kushushia. Weka chemba pia kila bomba linapokata kona, ili siku likiziba pawepo pa kupitisha waya.

Kila sinki na kila choo kiwe na mtego unaobakiza maji yenye kina cha angalau milimita 50, na bomba la hewa lipande juu ya paa. Harufu ndani ya nyumba mpya karibu kila mara hutokana na kimojawapo kati ya hivi viwili. Shimo la maji taka likae mbali na kisima, isipungue mita 30, na upande wa chini wa mteremko.

Jaribu kwa kuziba mwisho wa chini, kujaza maji na kuangalia kama usawa wake unashuka. Gundi ya mabomba ya PVC (plastiki inayounganishwa kwa gundi, si kwa joto) hukauka taratibu wakati wa baridi, hivyo ipe muda kabla ya kujaza.

## Hatua ya 7: Pata cheti cha ujuzi ulionao

VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Anayefanya kazi bila cheti hupimwa kwa mahojiano na vitendo, hupewa mafunzo ya kujazia pale alipopungua, kisha hutunukiwa cheti. Ulizia kwenye ofisi ya VETA ya mkoa wako ratiba na gharama za awamu inayofuata.

Wanaoshindwa wengi mikono yao ni mizuri, wanashindwa kueleza. Mtahini atakuuliza kwa nini bomba la hewa linahitajika, kwa nini ulipandisha presha mara tatu, na ungefanya nini geji ikishuka. Jizoeze kueleza kwa sauti kila unachofanya kazini, na uende na daftari lako lenye michoro, picha na vipimo. Cheti hicho hukufungulia pia kazi za madarasa na zahanati zinazojengwa kwa kutumia mafundi wa maeneo husika chini ya kamati, ambako jina peke yake halitoshi.

## Hatua ya 8: Kazi ya kwanza kwa jina lako

Chagua kazi ndogo: bafu moja na jiko, usianze na nyumba ya wageni. Andika makadirio yenye sehemu mbili zilizotengana, vifaa na ufundi, na umwache mteja anunue vifaa mwenyewe au mwende pamoja dukani, mkikagua alama ya TBS na daraja la presha lililochapwa kwenye bomba. Fundi anayeficha faida ndani ya bei ya vifaa hugunduliwa mapema, na habari husambaa mtaani haraka kuliko maji.

Gawanya malipo ya ufundi mara tatu: vifaa vikishafika, kipimo cha presha kikishafaulu, na kazi ikishakamilika. Mgawanyo huu unamlinda mteja nawe pia, kwa kuwa kila malipo yanafuata jambo linaloonekana.

Usiguse kitu chochote kabla ya mita. Bomba linalotoka barabarani hadi kwenye mita ni la mamlaka ya maji ya mji, au la chombo cha watumia maji kinachosimamiwa na RUWASA (wakala wa maji vijijini), na kujiunganishia ni kosa la kisheria hata kama mteja anasema ameshazungumza na mtu.

Siku ya kukabidhi, mpe mwenye nyumba mchoro wa mahali mabomba yalipopita ukutani, ukiwa na vipimo kutoka kwenye kona za chumba, ili asije akatoboa bomba akitundika kabati. Mwonyeshe koki kuu na umwambie aifunge na kuifungua mwenyewe mbele yako.

Rudi baada ya wiki mbili. Funga koki zote za ndani, hakikisha tanki limejaa na boya limefunga, kisha mtazame mita pamoja kwa dakika 15. Mshale ukitembea, tafuta kwanza kwenye boya la choo, halafu kwenye viungio vya nyuzi. Ukisimama kabisa, pokea malipo yako ya mwisho na uombe ruhusa ya kumleta mteja wako anayefuata aione kazi hiyo.